Pimbi na Mtihani wa Kuzama

Jamani, hadithi inabisha hodi!

— Ifungulieni!

Imekuja na nani?

— Na uongo, mgeni wetu wa siku zote!

Amebeba nini?

— Utamu! Autue tulambe!

Basi kaeni. Na wewe wa huko nyuma, acha kutafuna, huwezi kusikiliza kwa meno.

Hapo kale wanyama wa bondeni walikuwa na chuo kikuu chao. Mnacheka? Kilikuwepo, tena kina majoho na kina Seneti. Seneti ndicho kikao cha walimu wakubwa, wanaoamua nani afaulu, nani arudie, na mtu asome nini kabla hajaitwa msomi. Walikutana mara moja kwa mwezi, na kila wakikutana, jikoni palikuwa na sufuria la uji wa ulezi, toko toko toko.

Sasa sikilizeni desturi yao. Ajenda ya mwisho ya kikao ilikuwa Mengineyo, yaani yale yote yaliyosahaulika huko juu. Ikifika Mengineyo, harufu ya uji imeshaingia ukumbini na matumbo yanaunguruma. Hapo mtu akisimama na kusema neno lolote, Mwenyekiti, Mzee Kobe, huuliza, "Tupitishe?" Na Seneti nzima hujibu bila kuinua macho, jibuni nanyi:

— Kama ilivyo!

Hivyo hivyo.

Profesa Kiboko aliijua vizuri desturi hiyo. Alifundisha somo la Kuzama, na kila mwanafunzi wake alimletea mzigo wa majani kila wiki. Lakini wanafunzi wenyewe walikuwa bata wawili na chura mmoja, na mzigo wa chura ni wa kupangusia meno tu. Kiboko akawaza. Siku moja, kwenye Mengineyo, akasimama.

"Waheshimiwa, Kuzama liwe somo la lazima. Asiyezama asihitimu. Tunalinda ubora wa shahada!"

"Tupitishe?"

— Kama ilivyo!

Mwezi uliofuata akasimama tena. "Waheshimiwa, maksi zimelegea. Mtahiniwa akae chini ya maji mpaka majina ya wanachuo wote yasomwe. Akiibuka kabla, apate sifuri, arudie mwaka, na majani yawe mizigo miwili. Ubora wa shahada!"

"Tupitishe?"

— Kama ilivyo!

Wakanywa uji. Kiboko akanenepa.

Palikuwa na mwanafunzi mmoja, Pimbi, kadogo, hana hata mkia. Kwao ni juu majabalini, ambako maji huonekana mvua ikinyesha tu. Hesabu alipata A. Historia ya Mawe alipata A. Hata Kuimba, pamoja na ile sauti yake ya bawaba isiyotiwa mafuta, alipata B. Lililobaki ni Kuzama. Akaenda mtoni, akajitupa, chubwi! Kiboko akasoma jina la kwanza, la pili, la tatu, na Pimbi, mwepesi kama alivyo, pu! yuko juu.

"Umeelea," akasema Kiboko. "Umefeli. Kalete mizigo."

Mwaka wa pili, chubwi! Pu! "Umeelea. Umefeli. Kalete mizigo."

Mwaka wa tatu akajifunga jiwe tumboni. Chubwi! Kamba ikakatika, pu! "Umeelea. Umefeli. Kalete mizigo."

Na kila mwaka, siku ya mahafali, mama yake alishuka kutoka majabalini kwa miguu amebeba taji la maua. Alikaa jua lote akisikiliza majina ya watoto wa wenzake.

"Mwanangu, jina lako wameliruka?"

"Bado, mama. Mwakani."

"Haya. Mwakani si mbali."

Mama hurudi na taji lake, akalitundika kwenye ufa wa mwamba mpaka likakauka. Pimbi akienda likizo huyaona pale, mataji matatu, yamekuwa kahawia. Na kanuni ilisema mwenye kufeli mara nne anafukuzwa, harudi tena. Pimbi alilia, tena kwa sauti. Halafu akajifuta machozi, maana chozi halina maksi.

Akaenda kuomba uwakilishi wa wanafunzi katika Seneti. Alipewa siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna aliyeutaka. Mwakilishi hana kura wala hapewi uji. Ana haki ya kusema kwenye Mengineyo tu, na hukaa nyuma ya mlango, juu ya rundo la vitabu vya kanuni visivyofunguliwa tangu chuo kijengwe. Pimbi akakaa. Kikao kikarefuka. Akachomoa kitabu kimoja, akasoma kanuni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya saba akacheka peke yake, kwi kwi kwi.

Kikao kilichofuata, uji ukaanza kunukia. Mzee Kobe akasema, "Mengineyo."

Pimbi akainua mkono. "Shikamooni, waheshimiwa."

"Marahaba. Fanya haraka."

"Mimi nimefeli Kuzama mara tatu, na bado nasema somo hili halijatiliwa mkazo wa kutosha. Huko nje wanatucheka! Naomba mwalimu yeyote asiyefaulu Kuzama asiguse chakula cha chuo, uji wala majani, mpaka afaulu. Na yeye ampelekee mtahini wake mizigo miwili, kama sisi. Ubora wa shahada, waheshimiwa."

Kiboko masikio yakamsimama. Akapiga hesabu: mizigo miwili ya Twiga, miwili ya Nyati, miwili ya Mbuni! Mate yakamjaa.

"Naunga mkono!" akanguruma. "Naunga mkono kwa miguu yote minne! Mtoto huyu ana akili, tulimchelewesha bure!"

"Tupitishe?"

— Kama ilivyo!

Uji ukaletwa. Twiga akashusha shingo kwenye sufuria.

"Samahani, Mwalimu Twiga," akasema Pimbi. "Cheti chako cha Kuzama kiko wapi?"

Shingo ikasimama njiani. "Kwani tumepitisha nini?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Ikabidi Pimbi awasomee muhtasari, neno kwa neno, na uji unafuka moshi mbele yao.

"Twendeni mtoni!" Kiboko akashangilia. "Foleni! Foleni! Wenye shingo ndefu mbele!"

Wakashuka wote, na sufuria lao likiwafuata. Ukingoni Pimbi akainua mkono tena.

"Profesa, tusaidie jambo moja. Na wewe cheti chako kiko wapi?"

Kiboko akacheka hadi mto ukatikisika. "Mimi? Mimi ndiye ninayetahini!"

"Kanuni ya saba," akasema Pimbi, akafungua kitabu. "Hakuna atakayejitahini mwenyewe. Mtahini akitakiwa kutahiniwa, Mwenyekiti atashika daftari."

"Mpeni daftari basi!" Kiboko akasema kwa maringo. "Mnitazame mjifunze. A hii naichukua kabla uji haujapoa."

Akajitosa, CHUBWI! Walimu wote wakalowa.

Mzee Kobe akafungua daftari. Akatafuta miwani. Akaipata, akaipangusa. Akasoma jina la kwanza taratibu, akauliza, "Yupo?" Akangoja aitikie, akaweka alama ya vema, akaitazama kama imekaa sawa. Akasoma jina la pili. "Yupo?" La tatu alikuwa Kima, yuko juu ya mti mbali. Mzee Kobe akangoja ashuke.

Majini, bul bul bul.

Jina la nne. "Yupo?"

Bul bul bul bul.

La tano mwenyewe alikuwa Konokono, naye alikuwa njiani.

BWAAAF! Kiboko huyo juu, macho yamemtoka, magugu kichwani.

"Umeelea, Profesa," akasema Mzee Kobe kwa upole. "Umefeli. Kalete mizigo."

Kiboko akaleta mizigo miwili, akarudi majini. CHUBWI! Safari hii Mzee Kobe alifika jina la sita. BWAAAF! "Umeelea. Umefeli. Kalete mizigo." Akajitosa mara ya tatu, CHUBWI! Mzee Kobe akafika la saba, akapiga chafya, miwani ikaanguka.

"Samahani, nimepotea mahali. Tuanze upya."

BWAAAF!

Kiboko akatambaa hadi ukingoni, tumbo linalia. Uji ulikuwa umeshashika utando. Majani yake yote mazuri yalikuwa mbele ya Mzee Kobe, naye anayahesabu jani moja moja bila haraka. Nyuma, walimu wenye njaa walikuwa kwenye foleni, na hakuna aliyemtazama kwa mapenzi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Kiboko kwa sauti ndogo. "Nina hoja. Kuzama liwe somo la hiari, kwa wanafunzi na kwa walimu. Na waliofeli kwa ajili ya somo hilo tu, wafutiwe, wahitimu."

Pimbi akainua mkono. "Na ubora wa shahada, Profesa?"

"Mwanangu," Kiboko akamwambia, na chozi linamlengalenga, "ubora utasubiri. Uji hausubiri."

"Tupitishe?"

Semeni kwa nguvu!

— KAMA ILIVYO!

Siku ya mahafali ilipofika, mama alikuwa amekaa pale pale, juani, na taji la nne magotini. Wakaita majina. Safari hii hawakuliruka. Mama alisimama, akapiga kigelegele mpaka joho la Mzee Kobe likapepea, akamvika mwanawe taji lingali bichi.

"Kwa hiyo, mwanangu, umejua kuzama?"

"Hapana, mama."

"Miaka yote hiyo! Sasa umesomea nini?"

"Vikao, mama."

Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba elimu haina njia ya mkato. Darasani jitahidini kwa bidii, msibishane na walimu, na karatasi za wakubwa msizisome, maana wao wenyewe wameshazisoma zote kwa makini.

Hadithi imefunga kikao. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, ileteni kwenye Mengineyo.

Tupitishe?

— Kama ilivyo!