Tari Lililolegea

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kaskazini mwa pwani aliishi mja mwema aliyeitwa Shekue bin Athmani, fundi wa kuwamba matari, pamoja na mkewe Mwana Somoe. Hawakujaaliwa mtoto. Walijaaliwa sauti, na kila walipomaliza sala ya Alfajiri waliketi ukumbini, Shekue akipiga tari na kutoa beti za kumsifu Mola, na mkewe akiitikia: La ilaha illa Llah. Majirani walisema mtaa ule hauna haja ya jogoo.

Najua wapo watakaokunja uso kwa kutajiwa tari. Mimi nasimulia kama nilivyopokea. Mwenye kutaka kujadili akajadiliane na wanazuoni, na sisi tuendelee.

Basi Shekue akapatwa na maradhi ya kifua. Kilianza kikohozi, zikafuata homa za jioni, kisha siku moja akaondoa leso mdomoni na mkewe akaona damu. Tangu hapo hofu iliingia katika nyumba ile na ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Jirani yao Bi Mtiti, ambaye haikuwa ikipita siku bila kuja kuomba chumvi au kaa la moto, sasa alikuwa akiulizia hali nje ya ua, mtandio ameubana puani. Mwana Somoe alimwona wala hakumlaumu. Yeye pia alikuwa akiogopa, ila hakuwa na ua wa kujikinga nao.

Asubuhi moja Shekue alimwita mkewe karibu na kitanda.

"Somoe, kufa naogopa, sikufichi. Lakini lipo ninaloliogopa zaidi. Nimewaona watu wakitokwa na roho. Mtu huzidiwa na maumivu hata akasahau jina lake. Nachelea saa ile isije ikanikuta nakililia kifua changu, na Mola wangu nimemsahau."

"Bwana, usiseme hayo."

"Nayasema kwa sababu nina haja nawe. Tubadilishane. Kuanzia leo wewe toa ubeti, mimi niitikie. Ulimi wangu uzoee, ili siku yenyewe ikifika, nikikusikia tu, uitikie bila ya kuniuliza. Niahidi kwamba hutaniacha bila ubeti."

Mwana Somoe akaahidi.

Ubeti alioutaka Shekue ulikuwa huu:

*Pumzi hizi ni zako, umeziweka mwilini,*
*Ukitaka zirejee, sitakuuliza lini.*

Wakawa wakiuimba kila siku. Shekue aliitikia La ilaha illa Llah kwa sauti iliyozidi kukwaruza, akipiga tari polepole, na kila alipofika mwisho alitulia akitafuta pumzi. Kwa mkewe ilikuwa kama kumshonea mumewe sanda huku mwenyewe amekaa anamtazama. Ulimi wake ulisema "sitakuuliza lini," na moyo wake ulikuwa ukiuliza, lini, ya Rabbi, lini?

Ikaingia masika. Wanaojua matari wanajua kwamba ngozi ikipata unyevunyevu hulegea, na tari likawa halitoi sauti ila mdundo wa kitu kilichokufa. Dawa yake ni kulikanza motoni mpaka ngozi ijivute tena. Kazi hiyo sasa ilikuwa ya Mwana Somoe. Asubuhi moja ya mvua alilitazama tari lililokuwa limetundikwa ukutani, akaliacha palepale.

"Bwana, leo tari limelegea, na kuni zote zimelowa. Hatuna moto."

Kesho yake mkewe akasema vilevile, na kesho kutwa tena. Hawakuimba. Mgonjwa alikuwa akilala ameelekea ukutani, midomo ikimchezacheza bila sauti, na Mwana Somoe akijitia kufagia ukumbi uliokwisha kufagiwa. Hakupata raha aliyoitarajia. Hofu aliyodhani ameifungia nje ilikuwa imeketi naye kimya.

Siku iliyofuata alimletea mumewe uji. Shekue akauonja, akaweka kata chini.

"Mke wangu, uji huu umepikwa kwa jua?"

Mwana Somoe akaangalia bakuli, akauona mvuke unavyopanda. Akaketi chini palepale, akalia.

"Kuni zipo, Bwana. Kavu tele, nimezificha nyuma ya mtungi. Nimekudanganya. Naogopa! Kila nikitoa ubeti ule naona kama ni mimi ninayemfungulia mlango Malaika wa mauti. Nikadhani tusipoimba hatakuja."

Shekue akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilimshika muda mrefu. Kilipomwachia alisema:

"Na mimi nilidhani umenichoka, nikaogopa kukuuliza. Kumbe sote tunaogopa, na kila mtu ameifungia hofu yake chumbani kwake."

"Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," akasema mkewe akijifuta macho. "Nimekuvutia kwangu, nikamsahau Mwenyewe."

"Tari likilegea tunafanyaje, Somoe? Tunalitupa?"

"Hatulitupi. Tunalikanza." Kisha, kwa kuwa alikwisha kuuonja uongo na kuujua uchungu wake, akasema lililokuwa moyoni: "Lakini likizidi motoni hupasuka."

"Hupasuka likiachwa peke yake. Wewe hulikanza vipi?"

"Nalishika mwenyewe. Naligeuzageuza, nalisikiliza kwa kidole."

"Basi mimi niko motoni, na simdhanii Mola wangu kwamba ameniweka akaenda zake. Hofu ninayo. Dhana hiyo sina."

Mwana Somoe akainuka, akatoa kuni nyuma ya mtungi, akalikanza tari, wakaimba. Wasimulizi wengine hupenda kusema kwamba tangu siku hiyo hofu iliwatoka. Sitawaambia hivyo, maana haikuwatoka. Usiku yeye alikuwa akisikiliza pumzi za mumewe na kushtuka zilipochelewa. Asubuhi walikuwa wakiambiana, "Leo naogopa sana," "Mimi pia," kisha mmoja analeta tari.

Ikafika asubuhi ambayo Shekue hakuweza kuinua kichwa. Mwana Somoe aliswali, akaketi karibu naye, akatoa ubeti. Kimya. Akautoa tena. Kimya, na macho ya mumewe yako juu darini. Hapo akapata hofu ambayo hakuwahi kuipata maishani mwake. Lile lile alilolichelea Shekue ndilo hili? Amesahau?

Ndipo akauona mkono wa mumewe juu ya shuka. Vidole vilikuwa vikitambaa huku na huku, vinatafuta.

Sauti ilikuwa imekwisha, lakini mkono ulikuwa ukilitaka tari, na tari lilikuwa limelegea kwa mvua ya usiku. Ilimbidi aende jikoni, na alikuwa ameahidi kutomwacha bila ubeti. Je, mumewe akikata roho huku yeye yuko jikoni? Akalinyakua tari, akakimbia, akalishika juu ya moto, na akawa akiimba kutoka jikoni kwa sauti yake yote ili imfikie kitandani:

*Pumzi hizi ni zako, umeziweka mwilini!*

Bi Mtiti, uani kwake, alisikia ubeti. Akangoja kiitikio, hakikuja. Ubeti ukaja tena na kiitikio hakikuja. Mwanamke yule hakukumbuka alivyopita mlangoni, wala mtandio wake ulipoangukia. Alijikuta ndani, amemshika mgonjwa kichwa, machozi yanamtoka.

Mwana Somoe akarudi na tari lenye joto, akaliweka chini ya mkono wa mumewe, akatoa ubeti. Vidole vikapiga polepole ule mdundo wa La ilaha illa Llah, wote, bila kuruka hata pigo moja. Akautoa tena. Vikaitikia, kwa udhaifu, kama mtu anayebisha hodi huku anajua mwenyeji amelala. Akautoa mara nyingine, na safari hii vidole vingine vyote vilitulia. Kile cha shahada peke yake kiliinuka juu ya ngozi, kikasimama, wala hakikushuka.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Bi Mtiti. Akamfumba macho marehemu, akamnyoosha miguu, akaanza kumnyoosha vidole. Mwana Somoe akamzuia mkono.

"Kiache kidogo, shoga. Bado kinaitikia."

Ndugu zangu, wengi wetu tunajigamba kwamba mauti hayatutishi, na mbu akituuma usiku tunaita nyumba nzima. Waja wema hawa waliogopa, wakaambiana, kisha wakaimba hivyo hivyo na hofu yao. Mola atujaalie mtu wa kututolea ubeti siku ile, na ndimi zetu zikishindwa, asitunyime hata kidole.