Soya Haolewi Peke Yake

Mmemsikia shangazi yenu akisema, "Soya haolewi peke yake," nanyi mkabaki mnatazamana. Methali hii ilianza hivi.

Tasiana aliolewa upande wa Mbinga akitokea Namtumbo. Alikuja na debe la mbegu za soya, zao ambalo kijiji cha ukweni hakikuwahi kulima. Akapanda. Soya zikaota, zikadumaa, zikawa za manjano kama bizari.

Mama mkwe wake, Bi Osmunda, hakunyamaza. "Mke wako ana mkono mbaya," alimwambia mwanawe. "Akigusa na mahindi tutalala njaa. Msimu ujao simpi shamba."

Tasiana akalia, kisha akatuma salamu kwao. Kabla ya mvua kuanza, mama yake, Bi Kandida, akafika kajitwika gunia zito. Bi Osmunda alipoliona alijua ni mchele. Akabandika maji, akaita majirani.

Gunia likafunguliwa. Udongo mtupu!

"Mkwe," Bi Osmunda aliuliza taratibu, "umekuja kutuzika?"

Majirani wakaziba midomo kwa kanga.

"Huu nimeuchota kwenye shamba langu la soya," Bi Kandida akajibu. "Una vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakaa kwenye mizizi. Soya inavilisha utamu wake, navyo vinanasa mbolea iliyo hewani na kuilisha soya. Mwanangu alileta mbegu, vijidudu vyake vikabaki nyumbani."

"Mbolea hewani! Mbona mimi navuta hewa kutwa na sinenepi?"

"Huna vijidudu vyake, mkwe wangu."

Kwa kumstahi mgeni, Tasiana akapewa kipande kimoja tu cha shamba. Wakachanganya mbegu na ule udongo, wakapanda.

Baada ya miezi miwili soya zilikuwa za kijani kibichi, zimemfika Tasiana kiunoni. Bi Osmunda akanyemelea shambani, akang'oa mche mmoja. Mizizi ilijaa vinundu. Akakipasua kimoja kwa ukucha: ndani chekundu kama nyama.

Akarudi nyumbani na mche mkononi.

"Mwanangu Tasiana," alisema, "nilikusema vibaya. Kumbe soya haolewi peke yake. Nawe tulikuleta huku peke yako, tukakucheka ulipopauka."

Tangu hapo, bibi arusi akipelekwa mbali, ndugu zake huenda naye, wakakaa hata mwezi mzima wakila ugali wa wakwe bila haya. Wakiulizwa wataondoka lini, hujibu huku wakitafuna, "Soya haolewi peke yake."