Mchunguzi, Si Wachunguzi

Nipisheni nikae, maana hii nikiisimulia nimesimama nitaanguka kwa kicheko.

Huko Ndighi, mji wa mlimani, maji yalikauka upande wote wa chini, hadi wodi ya wazazi. Kampuni ya maji ikasema haioni tatizo. Bi Wakesho, ofisa wa serikali anayezisimamia kampuni za maji, alipandwa na hasira. Akaita wataalamu watatu, akamwahidi kila mmoja ujira wake, kwani sheria inamruhusu kuitoza kampuni gharama za uchunguzi.

Mghoi alikuwa na ulimi. Alionja matone yaliyobaki bombani, akatema, akasema yamepita kwenye udongo mwekundu, na udongo huo uko sokoni tu. Basi wakaachana na mlima, wakashika njia ya sokoni.

Mwasaru alikuwa na masikio. Alilala kifudifudi katikati ya soko, watu wakamcheka wee, naye akasikia maji yakivuja chini ya kibanda cha mwuza nyama.

Mwandoe yeye ni mikono. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu, sururu ingelimaliza. Akachimba kwa vidole, taratibu, kama anayetoa mayai chini ya kuku mkali, akalifikia na kuliziba.

Maji yakarudi, vigelegele mpaka wodini! Bi Wakesho akaenda kudai gharama. Meneja wa kampuni, Bwana Mwamburi, mcheshi huyo, akamkaribisha chai na kumsomea sheria.

"Imeandikwa ujira wa mchunguzi, Bi Wakesho. Haikuandikwa wachunguzi. Nitajie mmoja nimlipe leo."

Wakafika kwa hakimu. Hakimu akasema neno hilo liliwekwa makusudi, maana msimamizi aliyetangulia alileta wachunguzi basi zima, gharama zikaishia kwenye bili za wananchi. Kampuni itamlipa mmoja tu, atakayetajwa kabla ofisi hazijafungwa.

Nje, wale wataalamu watatu walikuwa wakimngoja Bi Wakesho.

"Bila mimi mngekuwa bado mnapanda mlima," alisema Mghoi.

"Na bila mimi mngebomoa soko zima," alisema Mwasaru.

Mwandoe alimwonyesha tu kucha zake zilizovunjika.

Bi Wakesho aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Ofisi yake haina akiba, na ahadi aliitoa kwa kinywa chake mwenyewe. Akashika kalamu.

Msiniambie wagawane, ujira wa mtu mmoja ukikatwa mara tatu hautoshi hata nauli ya kurudi kwao. Je, kalamu hiyo ungeishika wewe, ungeandika jina la nani? Na wale wawili ungewatazamaje usoni?