Saa ya Somoe Dunguni

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakilima na kuajiriana, Digidigi mmoja aliyeitwa Somoe alifanya kazi ya kuamia ndege wasile mtama katika shamba la Bwana Kiboko.

Kutwa alikaa juu ya dungu, jukwaa la miti lenye ngazi, akivuta kamba ya makopo. Kacha-kacha! Ndege wakiruka, aliangalia ng'ambo ya bonde. Nyumba yake ilikuwa kule, na ndani yake mwanawe mchanga, Kibibi, akilelewa na bibi yake.

Jua likifika utosini, Mzee Kobe alipiga ngoma. Pu! Hiyo ndiyo saa ya chakula. Ngoma ya pili ikilia, saa imekwisha. Saa hiyo Kiboko hakuilipia.

"Ni yenu," alisema. "Ila kuleni hukohuko juu. Ndege hawajui adhuhuri."

Basi Somoe alitafuna kwa mkono mmoja, akavuta kamba kwa mwingine. Na adhuhuri ndipo maziwa yalipomjaa kifuani, yakauma, yakalowesha kanga yake. Mbio moja tu, angefika. Mbio moja tu, angenyonyesha.

"Shoga, unalia?" aliuliza Mwajabu, Ngedere wa dungu la pili.

"Ni jua."

"Jua gani linalomtazama mtu kutoka nyumbani kwake?"

Somoe akajifuta macho. Jioni akaenda bwawani. Kiboko alikuwa majini, masikio tu yakionekana.

"Shikamoo, Bwana."

"Marahaba, kajipande ka nyama. Unataka nini?"

"Nimekuja kukuonya. Waamiaji wananong'ona. Wanasema saa ya adhuhuri ni yako, kwa kuwa tunakufukuzia ndege. Watataka uilipie."

Kiboko akatoa pua nje. Fyuu! "Kwa lipi? Si yangu hiyo."

"Ndiyo maana nikasema, heri uwazibe midomo. Uape juu ya ngoma."

Katika nchi ile, neno lililosemwa huku mguu umewekwa juu ya ngoma halikufutwa mpaka mavuno. Kiboko alilijua hilo, akalipenda. Asubuhi akawakusanya wote, akaweka mguu juu ya ngoma ya Mzee Kobe.

"Kati ya ngoma ya kwanza na ya pili, saa si yangu. Sina amri juu yake. Asiniulize mtu malipo."

"Tumesikia," wakasema waamiaji. Somoe alisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Adhuhuri, pu! Somoe akaachia kamba, akashuka ngazi.

"Weye, unakwenda wapi?" akauliza Mwajabu.

"Kwetu. Saa hii haina bwana, hukusikia?"

Mwajabu akacheka mpaka akakaribia kuanguka. Akashuka naye. Dungu baada ya dungu, wote wakashuka.

Prrrr! Ndege wakatua kama mvua.

Kiboko akatoka majini mbiombio, maji yakimchuruzika. "Rudini juu!"

"Kwa amri ya nani?" akauliza Mzee Kobe, fimbo ya ngoma kwapani.

Kiboko akaliendea dungu la Somoe. Akapanda mwenyewe. Ngazi ya kwanza, kra. Ya pili, kra. Ya tatu, puuu! Dungu, makopo na mwenye shamba vikalala chini pamoja.

"Somoe!" aliita kutoka kwenye mtama. "Rudi, saa hii nitailipia!"

Somoe alikuwa tayari katikati ya bonde. Akageuka kidogo tu.

"Ya kesho tutazungumza, Bwana. Ya leo ina mwenyewe."

Akapiga mbio. Mlangoni bibi alimpa mtoto bila kuuliza. Kwanza Kibibi aligeuza uso, kwa kuwa hakuwa amezoea harufu ya mama mchana. Somoe akangoja, roho mkononi. Mtoto akanusa, akanusa tena, akalishika titi kwa pupa. Somoe akafumba macho, akasikiliza jinsi anavyomeza.

Tangu siku hiyo, aliyebaki dunguni adhuhuri alilipwa, na aliyetaka kwenda kwake alikwenda.

Nanyi wadogo zangu mlionisikiliza, shikeni hili: anayekataa kuilipia saa yako hana haki ya kuitumia.