Moto Uliomkuta Mzee Mwaisaka Mlangoni

Hesabu ndugu, ndipo ukuze moto.

Vijana wa kwaya waliisikia methali hii kikaoni. Katibu wao alitaka kusoma hadharani majina ya wote waliokosa mazoezi, pamoja na sababu za kila mmoja, na mwenyekiti akamzuia kwa maneno hayo matano tu. Kikao kilipokwisha walimfuata Bibi Atuganile, aliyekuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, wakamuuliza: moto gani, na ndugu gani?

Bibi akavuta kiti. Msidhani ni ya wahenga wa kale, aliwaambia. Waliokuwapo siku iliposemwa wengine bado wanatembea mjini humu. Ilianzia wodi ya wanaume waliovunjika mifupa, na ilianza hivi.

Kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, jina lake Lusekelo, kijana wa miaka ishirini na sita. Alianguka na pikipiki, muundi ukavunjika mara mbili, madaktari wakamfunga vyuma na kumwambia asahau kazi kwa miezi minne. Kitanda cha kulia kwake alilala Gwamaka, dereva wa bodaboda, na cha kushoto mwalimu Nsajigwa wa jiografia, aliyevunjika paja. Ng'ambo ya pili, ukutani, alilala Mzee Mwaisaka, dereva wa malori wa zamani. Kidonda cha sukari kilikuwa kimemla mguu wa kulia, ukakatwa juu ya goti. Tangu siku hiyo mzee hakuzungumza na mtu. Magongo aliyoletewa yaliegemea ukuta kama mali ya mtu mwingine.

Mwalimu Nsajigwa alikuja na mchezo. Si bao wala karata. Ni mchezo wa kusimulia: mmoja anaeleza nchi na hatari zake, na kila mchezaji anakuwa mtu ndani ya nchi hiyo, anasema anafanya nini, kisha dadu yenye pande ishirini inaamua kama amefaulu. Sheria alikuwa amezitafsiri mwenyewe kwenye daftari. Walirusha dadu kwenye sinia la chakula, mchana, madaktari wakishapita.

Gwamaka alichagua kuwa mpiga mishale. Lusekelo alitaka kuwa mchawi, lakini Sista Atuganile, ndivyo Bibi alivyoitwa enzi hizo, alikuwa zamu, akakataa katakata: "Wodini kwangu mchawi hapana." Basi wakamwita fundi wa maneno, mtu ambaye akitamka neno, moto unawaka.

Siku ya tatu sauti ikatoka ukutani. "Mwalimu. Mtu nitakayepewa mimi, ana miguu?"

Wote wakageuka.

"Miwili, mzee," mwalimu akajibu.

"Basi nami nimo."

Mzee akawa mbeba ngao. Alicheza polepole mno. Wenzake walisema tu "navuka mto," lakini yeye alieleza jiwe gani amekanyaga kwanza, na maji yalivyomfika magotini, magoti yote mawili. Gwamaka alikuwa akipiga miayo. Lakini Sista aliona kwamba kuanzia juma hilo mzee alianza kula, na asubuhi moja akaomba magongo.

Sasa sikilizeni habari ya fundi wa maneno, maana hapo ndipo lilipo shina la jambo. Kila siku ya safari mwalimu alimpa Lusekelo punje tatu za mahindi. Kwa punje hizo aliweza kuligeuza tamko lake. Punje moja, moto unakuwa mkubwa maradufu. Punje moja, unafika mbali. Punje moja, analitamka kimoyomoyo bila adui kusikia. Na punje moja, anauchuja moto, yaani anataja watu ambao hautawagusa hata wakiwa katikati yake. Punje zikiisha, hakuna nyingine mpaka wasafiri walale.

Lusekelo alijua njia moja tu. Zote tatu alizimwaga kwenye ukubwa, na mara nyingi kabla jua la mchezo halijafika utosini.

"Njia nyingine umezisoma?" mwalimu alimuuliza siku moja.

"Nimezisoma. Ni za waoga hizo."

Ikafika siku ya ngome. Wasafiri watatu walikuwa wakitoroka humo ngomeni, na nyuma yao kundi la fisi-watu ishirini. Mlango ulikuwa mwembamba. Mzee Mwaisaka akasema, kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, "Piteni. Mimi nasimama hapa. Nimetanua miguu, ngao mbele." Gwamaka akapita. Lusekelo akapita, kisha akageuka, akawaona wale fisi wamemzunguka mzee, akazisukuma punje zote tatu kwenye sinia.

"Moto! Mkubwa kuliko wote!"

"Lusekelo," mwalimu akasema, "mzee yuko katikati."

"Ana ngao. Atavumilia."

Akarusha dadu. Ishirini! Gwamaka akapiga ukelele, hata wagonjwa wasiocheza wakapiga makofi. Fisi wote waliteketea. Mwalimu peke yake hakushangilia. Aliomba mzee apelekewe dadu ajaribu kujikinga, mzee akarusha, ikatoka mbili.

"Ameungua?" mzee aliuliza.

"Amekufa, mzee. Pole sana."

Mzee akaitazama ile dadu. "Nilikuwa natembea, mwanangu," akamwambia Lusekelo, bila ukali wowote. Kisha akajifunika shuka, akageukia ukuta.

"Jamani, ni mchezo tu!" Lusekelo akasema.

Kesho yake mzee hakugusa magongo, wala uji. Keshokutwa vilevile. Lusekelo alijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja. Akaomba lile daftari, akalisoma upya mstari kwa mstari. Kuchuja moto: punje moja. Alikuwa nazo tatu! Angeweza kuukuza kwa mbili na mzee abaki amesimama. Ndipo jambo lilipomuuma zaidi. Kazini kwake hakuwahi hata siku moja kuwasha mtambo kabla ya kutazama nyuma na kupaza sauti, "Nani yuko karibu? Sogeeni!" Alifanya hivyo hata kwa watu asiowajua. Mzee huyu alikuwa amesimama mlangoni kwa ajili yake.

Alimwomba Sista kiti cha magurudumu, akasukumwa hadi ukutani.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuona, na bado nikarusha. Niliutaka ule moto."

"Angalau husemi hukuniona," mzee akasema. "Mwalimu atanifufua?"

"Amekataa. Anasema aliyekufa amekufa. Ila mbeba ngao ana mdogo wake, anakuja kumtafuta. Ukimtaka ni wako."

"Nitafikiri. Nikikubali, nitakaa kitandani kwako, niitazame hiyo mikono yako."

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu, baada ya chakula, magongo yakasikika sakafuni. Mzee Mwaisaka alivuka wodi mwenyewe, jasho likimtoka, akaketi ukingoni mwa kitanda cha Lusekelo. Sista alisimama mlangoni na trei ya dawa, asiingie asije akamkatiza.

Wakacheza. Safari hiyo maadui waliwafumania bondeni, na mdogo wa mbeba ngao alikuwa tena katikati yao. Gwamaka akaanza, "Moto, fundi, moto!" Lusekelo akauzuia mdomo wake kwanza.

"Mzee uko wapi?"

"Katikati, kama kawaida yangu."

"Gwamaka?"

"Kwenye jabali, kushoto."

Akaweka punje moja. "Hii ni ya mzee na Gwamaka, moto usiwaguse." Akaweka ya pili. "Hii ya kuukuza." Ya tatu akairudisha kiganjani, maana hakujua ng'ambo ya bonde kuna nini. Dadu ikatoka kumi na moja, ya wastani tu. Maadui watano walibaki hai, na mzee akawamaliza mmoja mmoja kwa mkuki, akieleza kila hatua aliyopiga.

Alipomaliza, akampiga Lusekelo begani. "Sasa umekuwa fundi. Hesabu ndugu, ndipo ukuze moto."

Gwamaka alilipenda neno hilo, akalipeleka kijiweni kwa madereva alipotoka hospitali. Sista naye alimwambia neno hilo daktari mmoja aliyetaka kumkaripia mgonjwa mbele ya mkewe na watoto. Mzee Mwaisaka aliruhusiwa akaenda nyumbani kwa magongo yake, Lusekelo akarudi kwenye vyuma, na neno likabaki mjini likitembea bila wao.

"Kwa hiyo, Bibi," kijana mmoja wa kwaya akauliza, "mwenyekiti alimaanisha waliokosa mazoezi wasiambiwe kitu?"

"Alaa! Mbona husikii? Mzee hakusema moto usiwashwe. Maadui walikuwapo, na moto ulihitajika. Utoro wa mazoezi ukemeeni, ila sababu za mtu zisimuunguze mbele ya wote. Ndiyo maana alisema: hesabu ndugu, ndipo ukuze moto."