Kigari cha Sultani na Punda Aitwaye Subira

Palikuwa na Sultani Abudi wa Tindeni, aliyeletewa na mfalme mwenzake wa ng'ambo zawadi ya kigari cha umeme, katika vile vya kuchezea gofu. Tindeni hapakuwa na uwanja wa gofu. Palikuwa na msitu, tope na mawe. Basi Sultani akaamua kwamba kigari kile kinafaa kuwindia, na kwa kuwa aliyeamua ni yeye, kikawa kinafaa.

Kikakwama kwenye tope la kwanza. Tope lenyewe lilikuwa mbele ya lango la kasri.

"Nileteeni Mwanamvua," Sultani akafoka.

Mwanamvua alikuwa fundi wa mota mwenye gereji nyuma ya soko, na ulimi wake ulikata chuma bila msumeno. Alikuja, lakini hakuja na bashasha. Punda wake, Subira, alikuwa gerezani.

Hilo nalo lina kisa chake. Sultani wa Tindeni hatoki bila siwa. Mpiga siwa hutangulia, pembe lake refu kama mtu mzima, akipuliza mpaka mishipa ya shingo imtoke. Na sheria inasema: siwa ikilia, kila chenye roho kipishe njia. Siku moja ikalia sokoni. Watu wakapisha, kuku wakapisha, hata mlevi aliyekuwa amelala kando ya bucha akajiburura pembeni. Subira akabaki katikati ya njia anatafuna maganda ya ndizi, akimtazama Sultani kama anayejaribu kukumbuka walikutana wapi.

"Punda hajui sheria, Maulana," Mwanamvua alimtetea siku ile.

"Masikio yake ni marefu kuliko yako," Sultani alijibu. "Amesikia! Sheria yangu haibagui miguu miwili na minne. Afungwe!"

Waziri Ngwali akaisifu hukumu ile mpaka koo likamkauka.

Sasa tuko langoni, kigari kimezama nusu.

"Kwa nini hakiendi?" Sultani akauliza.

"Maulana, hiki kimezaliwa kwenye nyasi zilizonyolewa. Hakijawahi kuona nchi."

"Kifunze! Nataka kipande mlima kama mbuzi, kivuke tope kama nyati, na kisitoe sauti, wanyama wasishtuke."

"Sauti hakina, Maulana. Kelele zote ni za abiria."

Waziri akakohoa. Sultani akajifanya hakusikia.

"Nikirudi na swala," akasema, "punda wako nitamwachia. Nikirudi mikono mitupu, utakwenda kukaa naye."

Mwanamvua akafikiri kidogo. "Na siwa itakwenda mawindoni?"

"Nimewahi kwenda wapi bila siwa? Mimi mwizi?"

"Hasha, Maulana," akasema Mwanamvua, akainama kuangalia matairi. Aliinama kwa muda mrefu kuliko matairi yalivyohitaji.

Akafanya kazi, na kazi aliifanya kwelikweli. Akavitupa vile vigurudumu laini, akafunga matairi mapana yenye meno. Akakinyanyua kigari juu ya springi mpya mpaka mawe yakapita chini yake bila kukigusa. Betri zilizochoka akaziondoa, akaweka nyingine nyepesi zenye nguvu maradufu, na mota yenye kifua cha kupanda milima. Akachomelea chuma cha kuzuia miti mbele na kishikio cha bunduki ubavuni. Mwisho akakipaka rangi ya majani makavu. Kikisimama kichakani, ungekikalia ukidhani kichuguu.

Sultani akatoka alfajiri. Kigari kikapanda, kikashuka, kikavuka tope lililowahi kummeza farasi wake. Kimya, kama paka anayenyemelea samaki wa jirani. Na mbele yake, mpiga siwa, mashavu yamemvimba, anaitingisha miti.

Msitu ukatulia tuli. Utulivu wa nyumba iliyohamwa.

Jioni Sultani akaketi barazani, miiba kilembani, hana hata njiwa.

"Mwanamvua! Kigari chako kimeniaibisha!"

"Pole, Maulana. Kilikwama?"

"Hakikukwama."

"Mlima kiliushindwa?"

"Hakikuushindwa."

"Kilipiga kelele?"

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama dari.

"Hakikupiga," Sultani akasema kwa shida. "Lakini swala walikuwapo! Nyayo zao zilikuwa bado mbichi. Kila tulipofika, wameondoka sasa hivi. Umekifunga uchawi. Askari, mpelekeni kwa punda wake!"

Askari wakamshika mikono. Mwanamvua hakupapatika.

"Naenda, Maulana. Ila nina swali, maana Subira ataniuliza nikifika."

"Uliza, uende."

"Siwa ililia huko msituni?"

"Ililia, na ililia vizuri! Mpigaji amepoteza sauti."

"Na sheria ya siwa haijabadilika?"

"Ibadilike nimekufa? Kila chenye roho kipishe!"

"Hata cha miguu minne?"

Waziri Ngwali akafungua kinywa, akanyoosha mkono, lakini Sultani alikuwa ameshapandwa na ghadhabu.

"Nimekwisha kusema mbele ya watu, na nasema tena! Hata cha miguu minne!"

"Ahsante, Maulana," Mwanamvua akasema. "Subira alisikia siwa, akasimama, mkamfunga yeye. Swala wamesikia siwa, wakapisha, mnanifunga mimi. Sasa nikamwambie nini yule punda? Siwa ikilia, mnyama wa nchi hii afanyeje?"