Benki Sita na Tenga la Nyanya

Aliyenunua tenga hachagui nyanya. Wajukuu wa Mzee Shemhilu waliisikia methali hii sokoni Korogwe, bibi yao akimrushia mteja mmoja mwenye vidole visivyotulia, wakarudi nayo nyumbani kumuuliza babu imetoka wapi. Mzee alitazama kwanza kama bibi yupo karibu. Hakuwapo. Ndipo akakiri kwamba methali hiyo ilizaliwa siku ambayo mjinga alikuwa yeye mwenyewe, na wala hakuwa na msaidizi. Kazi yote ya ujinga aliifanya peke yake.

Ilianza hivi.

Binti yake mkubwa, Zaina, alikuwa Winnipeg, kule Kanada, akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Kila mwezi alituma nyumbani pesa ya matumizi, na nyingine akaiweka hukohuko. Hakuiweka kwenye kibubu. Alinunua vipande vya mfuko mmoja wa uwekezaji unaouzwa kwenye soko la hisa, mfuko ambao ndani yake zimo hisa za benki sita kubwa za Kanada, kila benki kwa kiasi sawa na mwenzake. Gawio la faida lililopatikana alilitumia kununulia vipande vingine. Shabaha ilikuwa moja na wote watatu, binti na wazazi wake, waliijua: baada ya miaka minane gawio lianze kutumwa Korogwe kila mwezi, ili Mama Zaina, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kukaa juu ya kreti la soda, aachane na biashara ya nyanya.

Zaina angeishia hapo, leo pasingekuwa na methali. Lakini alimwonyesha baba yake namna ya kuzitazama zile benki kwenye simu.

Mzee Shemhilu alikuwa fundi mitambo mstaafu wa mashamba ya mkonge, mtu mwenye muda mwingi na macho mazima. Akazifuata benki kama wenzake wanavyofuata ligi. Aliziorodhesha kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko, na kwa kuwa majina yenyewe yalimshinda ulimi, akazibatiza. Iliyokuwa ikipanda akaiita Shujaa. Iliyokuwa ikishuka wiki baada ya wiki akaiita Mvivu. Zile nne za katikati hakuzipa majina, hazikuwa na jema wala baya. Kufika mwaka wa tatu Mvivu alikuwa akimnyima usingizi. Alimsema kwenye kahawa, alimsema mezani, alimsema hata kwa fundi cherehani ambaye hakuuliza kitu.

Alhamisi moja ya Septemba, alasiri, Mama Zaina alimwomba amshikie meza yake sokoni ili akaswali.

"Mafungu yamepangwa, usiyaguse," alimwambia. "Bei ni moja. Nusu saa nitakuwa nimerudi."

Kila fungu lilikuwa na nyanya tano: tatu ngumu, mbili laini za kupikwa leoleo. Ndivyo mafungu yanavyopangwa, na hakuna mtoto wa Korogwe asiyejua. Mzee aliketi, akafungua simu atazame benki zake, na alichokisoma kikampandisha damu kichwani. Akapiga Kanada, akaweka sauti ya nje ili mikono ibaki huru kwa kuuza. Kule kulikuwa asubuhi na Zaina alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku.

"Zaina. Wamemkata Shujaa, wamempa Mvivu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamemkata Shujaa."

"Baba, ndivyo mfuko wenyewe ulivyo. Kila baada ya miezi mitatu wanasawazisha. Iliyopanda inapunguzwa, iliyoshuka inaongezwa, zote sita zinarudi sawa. Nilikueleza Machi. Nikakueleza tena Juni."

"Na mimi nikakwambia huo si utaratibu. Mtoto anayefeli, unamnunulia baiskeli?"

"Si mtoto, baba, ni benki."

"Mtoe Mvivu."

"Hatoki. Nimenunua mfuko, sikununua benki mojamoja."

"Basi uza mfuko wote. Pesa yote itie kwa Shujaa."

Zaina alikoroga chai yake. Kijiko kilisikika kikigonga kikombe.

"Baba, nimesimama kwa saa kumi na mbili. Nimegeuza wazee kumi na mmoja vitandani, na hakuna hata mmoja aliyenichosha kama wewe. Haya. Nitauza. Ila magoti ni ya mama, na yeye aseme. Akikubali, leo hii nauza."

"Atakubali. Ngoja anarudi sasa hivi."

Wakati huo mama lishe mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza. Alichukua nyanya laini kutoka kwenye fungu alilolitaka, akaiweka kwenye fungu la jirani, na akachomoa huko ngumu iliyojaa. Kwa Mama Zaina angechapwa mkono. Lakini Mzee Shemhilu, ugomvi ukiwa bado wa moto kifuani, aliona pale amepata shahidi.

"Chagua, mwanangu," alimwambia. "Pesa ni yako, kwa nini ulishwe usichokitaka? Chagua."

Sokoni habari ya namna hiyo haihitaji mpiga mbiu. Akaja mwalimu, akachagua. Akaja dereva wa bodaboda aliyetumwa na mkewe, akachagua kwa makini kuliko mkewe. Wakaja wasichana wawili wa chuo, wakageuza mafungu juu chini. Pesa ikaingia haraka, na Mzee akajiona mfanyabiashara aliyecheleweshwa na mkonge.

"Unasikia, Zaina? Watu wanachagua. Hapa hakuna anayelazimishwa kumbeba Mvivu."

"Nasikia, baba," Zaina alisema, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuogopa kitu kingine.

Mama Zaina alirudi, akasimama hatua mbili kabla ya meza. Mafungu hayakuwapo. Palikuwa na lundo moja tu la nyanya laini, zimeegemeana kama wagonjwa. Alinyanyua moja, maji yake yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Nani amechambua mafungu yangu?"

"Wateja. Niliwaruhusu."

"Nilikwambia usiyaguse."

"Mimi sikuyagusa."

"Shikamoo, mama," simu ilisema.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe na wewe upo kwenye msiba huu."

"Baba anataka niuze mfuko, pesa yote iende kwenye benki moja. Nimemwambia wewe ndiye wa kusema."

Mama Zaina aliketi polepole kwenye kreti lake, mkono mmoja ukiwa umeshika goti. Hakupaza sauti. Mzee angefurahi kama angepaza.

"Hizi, Baba Zaina, nani atazinunua?"

"Zitapata watu."

"Akina nani?"

Mzee alitazama huku na huku, kama kwamba huenda watu hao wako njiani.

"Zile ngumu ndizo zilizokuwa zinaziuza hizi," mkewe alisema. "Umezitoa peke yake kwa bei ileile, hizi umeniachia mimi."

"Lakini ndicho ninachosema miezi yote hii. Laini inatakiwa itolewe mapema."

"Utaijuaje mapema? Miaka ishirini na miwili nanunua tenga zima kwa watu wa Lushoto, juu limefunikwa majani, chini sijapaona. Kuna za juu zinang'aa Jumatatu, Jumatano nazimwaga. Na zile za kijani zilizonitia hasira nilipolifungua, ndizo zinazoninunulia unga Ijumaa. Ningekuwa najua ipi ni ipi, mpaka leo ningekuwa nakaa kwenye kreti?"

"Shujaa ni miezi sasa anapanda."

"Na mwaka juzi Shujaa alikuwa nani?"

Mzee Shemhilu aliukumbuka mlango wa jiko. Mwaka juzi jina hilo lilikuwa limeandikwa mbele ya benki nyingine, naye mwenyewe ndiye aliyelifuta kwa mkono wa kanzu. Aliomba mtandao ukatike. Haukukatika.

"Alikuwa Mvivu, mama," Zaina alisema taratibu. "Huyuhuyu Mvivu. Baba alinipigia Idi nzima akimsifu."

Muuza kabichi wa meza ya pili alijifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. Hapo mtu mwenye busara angenyamaza. Mzee hakuwa na busara siku hiyo, alishakiri.

"Sawa, ya mwaka juzi yamepita," alisema. "Lakini huyu aliyemo humo leo, anayetutia hasara leo, tumfanyeje?"

"Aliyenunua tenga hachagui nyanya," alijibu Mama Zaina. Akajiinua, akachukua kikapu chake, na lile kreti akamsukumia mumewe kwa mguu. "Zaina, usiuze kitu. Nenda ukalale. Baba yako hatakupigia tena leo, ana nyanya za kuuza."